Sinia na Vitoweo Vyake: Historia Iliyojificha Ndani ya Futari Yetu



Ramadhan yangu ya kwanza chuo kikuu nilifuturu kwa chipsi. Si siku moja, wiki nzima. Chipsi kwenye karatasi, soda, tende tatu kati ya zile ambazo mamangu alinitilia kwenye begi siku ya kuondoka Mombasa, na simu imeegemezwa ukutani inaadhini. Upande wetu wa hosteli, hapa Nairobi, tulikuwa Waislamu watano, na kila mmoja alikuwa amejifungia chumbani kwake na chipsi zake. Siku ya nane nikampigia simu nyanya yangu kumwamkia. Akaniuliza nimefuturu nini, nikamwambia. Nilidhani ataanza kunihurumia. Yeye akauliza tu, "Na nani?"

Sikuwa na jibu la maana. Nikasema mtandao unasumbua.

Mimi nasoma historia, na wiki ileile nilikuwa maktaba natafuta habari za biashara ya Bahari Hindi kwa ajili ya insha. Nikafungua safari za Ibn Battuta nikitarajia kukuta majahazi, dhahabu na pembe za ndovu. Nilichokikuta ni mtu ameketi anakula. Nikasahau insha, nikasoma ukurasa ule mara tatu, na saumu yangu ikawa nzito kuliko siku zote!

Ibn Battuta alikuwa mtu wa Tangier, kule Morocco. Alifika Mogadishu mwaka wa 1331, hajatimiza hata miaka 30. Kadhi wa mji, Ibn al-Burhan, mwenye asili ya Misri, alimpokea pwani pamoja na wanafunzi wake. Desturi ya mji ule ilikuwa mgeni mwenye elimu asipewe pa kulala mpaka kwanza amuone sultani. Basi akapelekwa, akaletewa tambuu na popoo, akarashiwa marashi ya waridi, kisha ikatoka amri alazwe katika nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wanafunzi wa elimu ya dini. Yaani hosteli, jamani. Mgeni wa sultani alilala hosteli.

Chakula kikamfuata palepale, kimetoka nyumbani kwa sultani, na aliyekuja nacho ni waziri mwenye kazi ya kuangalia wageni. Ulikuwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vimepangwa vyombo vya vitoweo: kuku, nyama, samaki na mboga. Kando, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Kando tena, maziwa ya mgando, na pamoja nayo achari ya ndimu, vichala vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na embe. Embe anaieleza polepole, kwa sababu wasomaji wake wa Morocco hawaijui: ikiiva ni tamu na huliwa kama tunda, ikiwa mbichi ni kali kama ndimu, na watu huitia siki. Kila walipokula tonge la wali, walifuatishia kidogo katika hivyo vya chumvi na siki.

Anaongeza kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula ambacho kwao kingekula kundi zima. Hapo nilicheka peke yangu maktaba, nikamkumbuka mjomba wangu mmoja ambaye sitamtaja.

Angalieni kitu kimoja. Hakutumia muda kuusifia wali. Aliutaja na kupita. Kilichomshika ni vya kando: achari, embe, tangawizi, ndizi. Alikuwa akisimulia zaidi ya miaka 20 baada ya safari, amekwisha kula Delhi na Maldives na mahali pasipohesabika, na bado alikumbuka achari ya Mogadishu. Neno lililotumika kwa vitoweo vile ni kushan, kisha akawafasiria Waarabu wenzake kwa neno idam. Sisi tuliosoma madrasa neno idam tunalijua. Ndilo lile la hadithi ya Jabir katika Sahihi Muslim, Mtume (SAW) alipowauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, wakasema hawana ila siki, naye akaagiza iletwe, akawa anaila na kuisifu. Siki tu. Nani kati yetu angeletewa mkate na siki asinune?

Kutoka Mogadishu alipita Mombasa, akalala usiku mmoja. Aliona watu wa madhehebu ya Shafi, wenye dini, misikiti yao ya mbao imejengwa imara. Chakula chao kikubwa, anasema, ni ndizi na samaki, na nafaka huletwa kutoka nje ya kisiwa. Aliona ndimu, na tunda tamu lenye kokwa kama la zeituni, ambalo ndilo zambarau letu. Kisha Kilwa, alikomkuta Sultani Hasan, aliyepewa jina la Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Huyu, pamoja na usultani wake, alikuwa akiketi na mafukara na kula nao. Ibn Battuta alikwisha kuona wafalme wengi, na hilo aliona linafaa kuandikwa.

Kabla ya wali

Tukisema chakula cha Mswahili tunafikiria wali wa nazi, kama kwamba ulishuka pamoja na watu wenyewe. Sivyo. Al-Mas'udi, mwanahistoria wa Baghdad aliyesafiri pwani hii kwa mara ya mwisho mwaka wa 916, anataja mtama, ndizi, asali, nyama, nazi, na mzizi fulani unaochimbwa ardhini. Wali haumo. Na wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Pemba wameona jambo hilohilo katika mbegu zilizoungua na kubaki mchangani. Katika mji wa Tumbe, uliokaliwa baina ya karne ya 7 na ya 10, nafaka kubwa ilikuwa mwele, ingawa mchele ulikuwepo kidogo. Katika Chwaka, mji wa jirani uliostawi kuanzia karne ya 11, mchele umekuwa mwingi. Pojo nazo zimepatikana katika miji ya zamani ya pwani, zimetoka Bara Hindi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kwa hiyo ukila pojo za nazi usizidharau. Hicho ni kitoweo kikongwe kuliko Fort Jesus, ambayo ilianza kujengwa 1593 tu.

Wataalamu hao pia wamehesabu vigae. Zamani vyombo vingi vilikuwa vyungu vya kupikia, lakini kadiri miaka ilivyokwenda mabakuli yaliyo wazi yakaongezeka, na baadhi yao wanaona hiyo ni dalili ya karamu: watu wengi wamekusanyika, chakula kimewekwa kati. Ukizuru Gede au Mambrui utaona mahali ambapo mabakuli ya Kichina yalipachikwa makaburini na ukutani. Watu waliheshimu bakuli kiasi cha kulipandisha kwenye kaburi la mkubwa wao! Na neno lenyewe sinia asili yake ni Kiarabu, siniyya, linalotokana na Sin, yaani China. Kila siku tunaita jina la China tukiandaa futari, wala hatujui.

Wageni wa sinia

Sasa turudi kwenye zile pilipili za Mogadishu. Si pilipili tunazozijua sisi. Pilipili kali hizi, nyekundu na kijani, ni mmea wa bara la Amerika, na kabla ya 1492 hakuna mtu wa pwani aliyewahi kuionja. Zile za 1331 zilikuwa za jamii ya pilipili manga. Nyanya ni hivyohivyo (nyanya tunda, si nyanya yangu). Kwa hiyo kachumbari ya nyanya na pilipili, ambayo tunaona haiwezekani pilau bila yake, Ibn Battuta hakuiona, na hata angeomba asingepewa.

Hesabuni wenyewe futari ya kwenu ya jana. Muhogo wa nazi: muhogo umetoka Amerika. Viazi vitamu: Amerika. Viazi vya karai: Amerika. Maharagwe: Amerika. Mahindi tumeyaita jina la Hindi, lakini nayo asili yake ni kulekule Amerika. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwezi wa Aprili 1498, na mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Katika karne zilizofuata, Wareno wakija na kuondoka, mimea ya Amerika ikaingia mashambani kwetu. Wareno walifukuzwa Mombasa 1698. Muhogo ulibaki. Na lilibaki neno meza, ambalo ni lao. Babu zetu walikuwa na mkeka.

Sambusa ina safari nyingine. Jina ni la Kiajemi, na mwaka wa 1226 mtu wa Baghdad aitwaye Muhammad bin Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi ambamo sambusa imo. Ibn Battuta alipoondoka kwetu na kufika Delhi, alizikuta katika karamu za Sultani Muhammad bin Tughluq, zimejazwa nyama ya kusaga, lozi, pistachio, vitunguu na viungo, zimekaangwa kwa samli. Kaimati nazo zina ndugu zao katika kitabu hicho cha Baghdad, zikiitwa matonge ya kadhi. Jina letu lenyewe linatokana na luqaymat, yaani vijitonge. Achari na kachumbari ni majina yaliyovuka bahari na wafanyabiashara wa Bara Hindi. Kunde za bajia, hizo ni za Afrika hapahapa, na ukwaju wa kuchovea pia.

Nikifika hapa kuna watu huniuliza, basi chetu ni kipi? Mimi naona swali hilo halina uzito. Chakula kikishapikwa na mamako miaka 20, ni chenu. Nazi yenyewe ilitoka ng'ambo ya bahari.

Nani alipika?

Nilimsimulia dadangu mambo haya kwa simu, kwa furaha nyingi, nikamsomea habari za kile chano cha Mogadishu. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Huyo bwana wako ameandika aliyepika?"

Nikarudi kuangalia. Hakuandika. Jina la kadhi lipo, waziri yupo, sultani yupo. Aliyekuna tangawizi na kutia embe siki hayupo.

Na tusijifiche, kwa sababu historia si ya kujipamba tu. Katika nyumba nyingi kubwa za pwani, wanaopika na kubeba masinia walikuwa watumwa. Karne ya 19 mashamba ya Malindi yalitoa mtama na mahindi mengi ya kuuzwa Uarabuni, na waliolima ni watu waliotekwa bara na kuletwa kwa nguvu. Katika pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria 1907. Hiyo si zamani sana; kuna wazee wetu ambao wazazi wao waliziona siku hizo. Vitoweo vingi tunavyoviita vya kiungwana vilitoka katika mikono isiyokuwa huru, na naamini ladha nyingine ni yao kabisa, hawa ambao hawakuandikwa.

Dadangu hakuishia hapo. "Na huku nyumbani," akasema, "Ramadhan ikifika mimi na mama tunaingia jikoni baada ya Adhuhuri, na adhana ya Magharibi hutukuta tumesimama, mikono ina unga. Nyinyi mnatoka msikitini mnakuta sinia limejaa. Ukirudi na hiyo historia yako, anza kwa kukuna nazi."

Niliona haya wallahi. Bi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wake. Hadithi hiyo iko katika Bukhari, niliihifadhi darasa la sita la madrasa, na nilipata alama zote. Kukuna nazi sikujua.

Mkeka, sahani, na televisheni

Nyumbani kwetu, nilipokuwa mdogo, masinia yalikuwa mawili, la wanaume na la wanawake, na sisi watoto tulikuwa tunahama kulingana na wapi kuna nyama. Nyanya akitugawia minofu ya samaki kwa mkono wake, anatoa miba, anasukuma tonge mbele ya aliye mdogo zaidi. Ukipeleka mkono upande wa mwenzio unapigwa kikofi kidogo. Baadaye ndipo nilipokutana na hadithi ya Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa na Mtume (SAW), aliyekuwa mkono wake ukizunguka sinia nzima, akafundishwa kutaja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Nikaona, kumbe kikofi kile kilikuwa na isnadi!

Sijui ni mwaka gani hasa tuliacha. Haikuamuliwa. Kaka alianza kazi ya zamu, anarudi usiku, akawa anawekewa sahani. Mimi nikawa na masomo ya jioni, nikawekewa sahani. Kisha televisheni ikaletwa sebuleni, na ukiwa na sahani unaweza kugeukia upande wowote. Makosa ya mtu mmoja hayapo. Ramadhan ya mwaka juzi nilikuwa nyumbani, na nyanya, ambaye macho yake sasa yamepungua nguvu, aliketi mkekani mahali pake pa siku zote, akapapasa mbele yake. Alikuwa anatafuta ukingo wa sinia. Alipewa sahani mkononi. Akasema alhamdulillahi, akala, hakuuliza.

Wengine watasema dini imelazimisha kula pamoja. Haikulazimisha. Katika Suratun Nur aya ya 61 tumeambiwa hapana ubaya tukila pamoja au mbalimbali, na hiyo ni rehema kwa mwenye zamu, mgonjwa na msafiri. Lakini Abu Dawud amepokea habari ya masahaba waliolalamika kuwa wanakula na hawashibi. Mtume (SAW) akawauliza, huenda mnakula kila mtu peke yake? Wakasema ndiyo. Akawaelekeza wakusanyike na wataje jina la Allah, watabarikiwa katika chakula chao. Mimi nilipoisoma tena hadithi hii nilikuwa na njaa ya wiki nzima ya chipsi, kwa hivyo sikuhitaji sherehe yake.

Tulichofanya hosteli

Tulianza na achari, kwa sababu haihitaji moto. Nyanya alinisomea kwa simu, nami nikaandika nyuma ya daftari. Ndimu 20, ziwe za maganda membamba. Zioshe, zikaushe kabisa kwa kitambaa. Maji ndiyo adui. Kila moja ikate kama unataka vipande vinne lakini usifike mwisho, ibaki imeshikana. Ijaze chumvi ndani. Zipange kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, kamulia juu ndimu nyingine chache, tia pilipili kavu na manjano kidogo, funga. Weka juani dirishani, kila siku uitikise. Wiki mbili hivi maganda yatalainika. Ndiyo maana hufanywa katikati ya Shaaban, na sisi tulichelewa. Ilikuwa tayari kumi la mwisho.

Pojo tulizipika kwenye stovu ya mwenzetu mmoja wa Garissa. Unazichagua mawe, unazichemsha mpaka zipasuke, unatia kitunguu, bizari na chumvi, kisha tui jepesi, na mwisho tui zito huku unakoroga lisikatike. Tulitumia tui la pakiti. Nyanya hajaambiwa. Kachumbari alifanya rafiki yetu wa Kisumu, ambaye kwao wanaila na samaki: anakata kitunguu chembamba, anakifinya na chumvi, anakiosha, ndipo anatia nyanya, ndimu na dania. Wawili waliobaki waliosha vyombo, kwa zamu, na walikuwa wanalalamika kila siku.

Sinia tulilinunua Eastleigh, la aluminiamu, kubwa kupita kiasi. Halikuingia mlangoni isipokuwa kwa ubavu. Tuliliweka sakafuni katikati ya vitanda viwili, wali kati, na vya kando vimeuzunguka. Jioni ya kwanza nilimpigia nyanya kabla ya adhana, nikaweka spika. Akauliza tunafuturu nini. Nikamhesabia kimoja kimoja. Kisha akauliza, kama nilivyojua atauliza, "Na nani?"

Nikawapa simu, mmoja mmoja, wakamwamkia. Aliwauliza wote majina, na kwao ni wapi, na mama zao hawajambo. Adhana ikaingia tukiwa bado kwa wa nne. Nyanya akasema, "Haya, fungueni, wanangu," na kabla hajakata akaniuliza tena ile achari nimeitia chumvi kiasi gani, maana mwaka ule wa mwisho ya kwake iliharibika.